Michezo ya Jumuiya ya Madola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huibuka kila timu zinapoitwa kambini. Mengine yanajibika kwa sentensi moja. Mengine hayajibiki mpaka urudi nyuma miaka tisini na zaidi, enzi ambazo Mwafrika hakuwa hata kwenye hesabu ya waandaaji.

Jumuiya ya Madola ni nini, na michezo yake inatofautianaje na Olimpiki?

Ni umoja wa nchi 56, nyingi zikiwa zilitawaliwa na Mwingereza. Michezo yake hufanyika kila baada ya miaka minne, katikati ya Olimpiki moja na nyingine. Hapo humkuti Mmarekani, Mchina wala Mwethiopia. Wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo, na dharau hiyo hutoka sana kwa watu wasiofuatilia riadha. Kwenye mbio ndefu Mwethiopia hayupo, ni kweli, lakini Mkenya yupo, Mganda yupo na Mtanzania yupo. Ukishawapita hao, kuna mtu gani wa kukuambia medali yako nyepesi?

Ilianza lini, na wazo lilikuwa la nani?

Wa kwanza kulitoa hadharani alikuwa John Astley Cooper, mwaka 1891, aliyetaka watu wa Dola ya Uingereza wakutane mara kwa mara kwa ajili ya michezo. Miaka ikapita. Mwaka 1911 likafanyika tamasha kubwa Crystal Palace, London, kusherehekea kutawazwa kwa Mfalme George V, na ndani yake kulikuwa na mashindano ya riadha, ngumi, mieleka na kuogelea. Timu zilikuwa nne tu: Uingereza, Kanada, Afrika Kusini, na Australia iliyoungana na New Zealand. Kanada ikaondoka na kombe.

Michezo yenyewe ilizaliwa mwaka 1930 mjini Hamilton, Kanada. Aliyeisukuma hadi ikafanyika ni mwandishi wa habari za michezo wa gazeti la mji huo, Melville Marks Robinson, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bobby. Zilifika timu 11 zenye wanamichezo wapatao 400. Afrika Mashariki haikuwamo.

Mbona kwenye vitabu vya zamani ina majina tofauti?

Kuanzia 1930 hadi 1950 iliitwa Michezo ya Dola ya Uingereza. Kuanzia 1954 hadi 1966 ikawa ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Mwaka 1970 na 1974 neno "Dola" likatupwa, likabaki "Uingereza". Mwaka 1978, Edmonton, na lenyewe likaondoka. Ukiyapanga majina hayo na tarehe za uhuru wa makoloni utaona yanakwenda sambamba, moja nyuma ya jingine.

Kwa nini Uingereza ina timu nyingi?

Kwa sababu hapa Uingereza haipo. Ipo England, ipo Scotland, ipo Wales, ipo Ireland ya Kaskazini. Hata visiwa vya Jersey, Guernsey na Man vina timu zao. Ndiyo maana timu huzidi idadi ya nchi wanachama: Birmingham mwaka 2022 zilikuwa 72.

Rwanda haikutawaliwa na Mwingereza. Imeingiaje?

Ilijiunga mwaka 2009, na mwaka uliofuata wanamichezo wake wakaenda Delhi. Msumbiji ilitangulia mwaka 1995, na haikupoteza muda: mwaka 1998, Kuala Lumpur, Maria Mutola alishinda mita 800, na mwaka 2002 akarudia mjini Manchester. Gabon na Togo zilipokelewa kwenye mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Kigali Juni 2022. Kongo na Burundi si wanachama, kwa hiyo wanariadha wao hutawaona humu.

Ni Mwafrika gani mweusi wa kwanza kushinda dhahabu?

Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria, Vancouver, 1954, kuruka juu. Alipaa akiwa na kiatu kwenye mguu mmoja tu. Ukiitazama orodha ya washindi wa siku ile utashangaa: wa kwanza Mnaigeria, wa pili Patrick Etolu wa Uganda, wa tatu Mnaigeria mwingine, Nafiu Osagie. Watatu wote walitoka kwenye makoloni, kwenye michezo ambayo bado ilikuwa na neno "Dola" katika jina lake. Habari za Ifeajuna baadaye si nzuri. Alikuwa miongoni mwa maofisa wa jeshi waliofanya mapinduzi ya Januari 1966 huko Nigeria, na mwaka 1967 akauawa kwa kupigwa risasi upande wa Biafra, eneo lililokuwa limejitenga na Nigeria.

Vancouver ndipo Kenya na Uganda zilipoingia kwa mara ya kwanza. Nyandika Maiyoro wa Kenya alimaliza wa nne kwenye maili tatu. Wa nne hapewi kitu, lakini waliokuwa wakiamini Mwafrika hana pumzi ya mbio ndefu walianza kujiuliza. Mwaka 1958, Cardiff, Kenya ikapata shaba mbili: Arere Anentia kwenye maili sita na Bartonjo Rotich kwenye viunzi vya yadi 440.

Dhahabu ya kwanza ya Kenya ilitoka kwa nani? Keino?

Hapana, na wengi hujikwaa hapa. Ilitoka kwa Seraphino Antao, kijana wa Mombasa mwenye asili ya Goa, na si kwenye mbio ndefu hata kidogo. Perth, Novemba 1962, alishinda yadi 100 kisha yadi 220. Kenya ilikuwa bado koloni. Uhuru ulikuja mwaka mmoja baadaye. Nchi inayosifika duniani kwa wakimbiaji wa nyanda za juu ilifunguliwa mlango na mtoto wa pwani, mtu wa mbio fupi. Ikabidi ingoje miaka 60 kupata mrithi wake: Ferdinand Omanyala, Birmingham 2022, mita 100 kwa sekunde 10.02, akimwacha nyuma Akani Simbine wa Afrika Kusini.

Kipchoge Keino naye alikuwapo Perth 1962, lakini zamu yake haikuwa imefika. Ilifika Kingston, Jamaika, mwaka 1966: akachukua maili moja, akachukua na maili tatu. Kwenye michezo hiyohiyo Naftali Temu akamshinda Ron Clarke, Mwaustralia aliyekuwa mfalme wa rekodi wakati huo, kwenye maili sita. Mwaka 1970, Edinburgh, vipimo vikabadilishwa kuwa mita, na Keino akashinda 1500.

Kwa nini Watanzania wanaizungumzia sana Christchurch 1974?

Kwa sababu ya dakika 3, sekunde 32 na nukta 16.

Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi, kijana wa Karatu mwenye miaka 20 na askari wa JWTZ, alisimama kwenye mstari wa mita 1500 pamoja na kundi la kutisha: Ben Jipcho wa Kenya, ambaye kwenye michezo hiyo alishinda mita 5000 na zile za kuruka viunzi na maji, na Wanyuzilandi John Walker na Rod Dixon, waliokuwa nyumbani kwao mbele ya mashabiki wao. Siku zile mbio za mita 1500 zilikuwa za kuviziana. Watu wanakwenda pamoja, wanachunguzana, halafu mzunguko wa mwisho unaamua nani ana kasi.

Bayi hakuwa na habari na hayo. Bunduki ilipolia alichomoka kama anayekimbia mita 800, akaweka nafasi kati yake na wenzake, akaendelea kuiongeza. Walioona mtindo wake kwa mara ya kwanza walidhani ni utoto na kwamba atakatika pumzi. Kwenye kona ya mwisho Walker akaanza kumsogelea, Jipcho naye nyuma yake, uwanja mzima ukisimama kumshangilia mwenyeji. Bayi akageuza shingo, akawaona, akaongeza. Hakuna aliyempita hata hatua moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Ilikuwa rekodi ya dunia. Ile ya zamani, 3:33.1 ya Mmarekani Jim Ryun, ilikuwa imekaa tangu 1967, na kasi ya siku ile ilikuwa kali kiasi kwamba hata Walker aliyemaliza wa pili alikuwa ameipita. Rekodi ya dunia ya Bayi ilidumu hadi 1979, Sebastian Coe alipoivunja. Lakini kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola yenyewe, 3:32.16 ilikaa miaka 48. Wakaja kizazi baada ya kizazi, na viatu vya kila aina, na viwanja vya kisasa, wote wakashindwa mpaka Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 Birmingham mwaka 2022.

Kwa maoni yangu hizo ndizo mbio bora kuliko zote zilizowahi kukimbiwa kwenye michezo hii. Wazungu watakutajia maili ya Vancouver 1954, ambapo Roger Bannister wa England alimpita John Landy wa Australia kwenye kona ya mwisho, wote wawili wakikimbia chini ya dakika nne. Ni mbio nzuri, sikatai. Lakini Bannister alikaa nyuma akimvizia mwenzake. Bayi aliwaambia wote waje wamkamate, na hawakumkamata.

Siasa iliingia lini?

Haikuingia, ilikuwamo tangu mwanzo. Michezo ya pili, ya 1934, ilikuwa ifanyike Johannesburg. Ikahamishiwa London kwa sababu ya wasiwasi kuhusu jinsi wanamichezo weusi na wa Kiasia wangetendewa kule. Hiyo ni miaka 14 kabla serikali ya makaburu haijaufanya ubaguzi kuwa sera rasmi mwaka 1948.

Mwaka 1958 Afrika Kusini ilileta Cardiff timu ya weupe watupu, na watu wakaandamana. Mwaka 1961 nchi hiyo ikajiondoa kwenye Jumuiya, na haikuonekana tena kwenye michezo hii hadi Victoria, Kanada, 1994, Mandela akiwa madarakani.

Hapo katikati vita vilihamia kwa marafiki wa Pretoria. New Zealand iliendelea kucheza raga na Afrika Kusini, na mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zikasusia Olimpiki ya Montreal. Bayi dhidi ya Walker, mbio ambazo dunia nzima ilizingoja, zikafia hapo. Walker akachukua dhahabu. Mwaka 1977 wakuu wa Jumuiya wakakubaliana kule Gleneagles, Scotland, kwamba nchi zao zisihimize michezo na Afrika Kusini. Nigeria haikuridhika, ikaisusia Edmonton 1978.

Mpasuko mkubwa kuliko wote ulitokea Edinburgh 1986. Serikali ya Uingereza chini ya Margaret Thatcher ilikataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya uchumi vya maana, na nchi 32 kati ya 59 zilizostahili kwenda zikabaki nyumbani. Kenya, Uganda na Tanzania zote zilikuwa kwenye hizo 32. Bermuda ilipita kwenye gwaride la ufunguzi, kisha ikajitoa. Waliobaki uwanjani walikuwa weupe kwa sehemu kubwa, na waandaaji wakaachwa na deni.

Wapo wanaohoji kama ilikuwa haki kwa wanariadha. Mkimbiaji aliyekuwa kwenye ubora wake mwaka 1986 hakurudishiwa mwaka huo, na hakuna aliyewahi kumlipa. Wengi wao walirudi vikosini na kwenye kazi zao, wakasahaulika. Hata hivyo, Tanzania iliyokuwa ikiwahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC kwenye kambi za Mazimbu na Dakawa isingeweza kwenda kucheza Edinburgh kana kwamba hakuna kitu. Hao wanariadha walilipa sehemu ya gharama ya ukombozi, na majina yao yangestahili kusomwa angalau mara moja mahali fulani.

Ni Watanzania gani wameshinda dhahabu?

Mbali na Bayi, kuna Gidamis Shahanga. Mwaka 1978, Edmonton, alishinda marathoni akimpita mwenyeji Jerome Drayton, watu wakiwa hawamjui kabisa. Michezo hiyohiyo Bayi alipata fedha ya mita 1500, nyuma ya David Moorcroft wa England. Mwaka 1982, Brisbane, Shahanga akashinda mita 10,000, na Zakaria Barie, Mtanzania mwenzake, akawa wa pili.

Marathoni ya Brisbane inastahili aya yake. Juma Ikangaa na Shahanga waliachana na kundi mapema, wakatangulia kwa umbali uliowafanya watu waone mchezo umekwisha. Shahanga akachoka, Ikangaa akabaki peke yake. Rob de Castella, Mwaustralia, akaanza kula umbali ule kidogo kidogo. Akamfikia. Ikangaa akampita tena. De Castella akarudi mbele, na mwisho tofauti ilikuwa sekunde 12 tu: 2:09:18 kwa 2:09:30. Fedha ile ya Ikangaa inakumbukwa kuliko dhahabu nyingi.

Baada ya hapo: bondia Michael Yombayomba, Kuala Lumpur 1998, uzani wa bantam, Francis Naali, marathoni, Manchester 2002, Samson Ramadhani, marathoni, Melbourne 2006. Kwenye ngumi kulikuwa pia na Titus Simba, aliyepata fedha Edinburgh 1970 baada ya kupigana fainali na John Conteh, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa.

Birmingham 2022 Tanzania ilirudi na medali tatu: fedha ya Alphonce Simbu kwenye marathoni, na shaba za mabondia Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike. Simbu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025.

Na Uganda?

Uganda ya zamani ilikuwa ya mabondia. George Oywello alishinda uzani wa juu Perth 1962. Uganda ya leo ni ya mbio ndefu. Dorcus Inzikuru na Boniface Kiprop walifungua njia Melbourne 2006, Moses Kipsiro akachukua mita 5000 na 10,000 Delhi 2010, Joshua Cheptegei akafanya hivyohivyo Gold Coast 2018, Jacob Kiplimo akarudia Birmingham 2022. Mbio mbili, mtu mmoja, mara tatu katika michezo minne. Victor Kiplangat naye alishinda marathoni ya Birmingham ingawa alipotea njia kidogo karibu na mwisho.

Wanawake walianza lini?

Hamilton 1930, lakini majini tu: kuogelea na kupiga mbizi. Riadha waliruhusiwa 1934. Medali ya kwanza ya mwanamke wa Kenya ni ya Sabina Chebichi, shaba ya mita 800, Christchurch 1974. Huyu ni msichana ambaye mwaka mmoja kabla alikimbia pekupeku akiwa amevaa shimizi, akashinda. Gold Coast 2018 idadi ya medali za wanawake ililingana na ya wanaume, na Birmingham zikazidi.

Watu wenye ulemavu wana michezo yao ya pembeni?

Hapana. Tangu Manchester 2002 wamo kwenye timu moja na wenzao, kijiji kimoja, na medali zao huhesabiwa pamoja kwenye jedwali la nchi. Hapa michezo hii imewatangulia Olimpiki, ambao hadi leo wana Paralimpiki yao kando.

Mpira wa miguu umo?

Haumo. Mpira wa pete umo tangu 1998, mwaka ambao michezo ya timu iliingizwa kwa mara ya kwanza pamoja na raga ya wachezaji saba, kriketi na mpira wa magongo.

Kile kijiti ni cha nini?

Kilianza kukimbizwa mwaka 1958 kuelekea Cardiff. Ndani yake huwekwa ujumbe wa mkuu wa Jumuiya, zamani Malkia, sasa Mfalme, na ujumbe husomwa siku ya ufunguzi. Kwa nje kinafanana na mambo ya Mwenge wa Uhuru wa Tanzania, lakini hiki hakizindui madarasa wala visima.

Kuna miaka haikufanyika?

1942 na 1946, kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili. Kutoka Sydney 1938 hadi Auckland 1950 ni miaka 12.

Afrika imeiandaa mara ngapi?

Sifuri. Abuja iliomba ya 2014, ikashindwa na Glasgow kwa kura 47 kwa 24. Durban ilipewa ya 2022, ikanyang'anywa Machi 2017 kwa sababu dhamana za fedha hazikukamilika, na Birmingham ikaichukua. Wakati ule tuliambiwa sana kuhusu uwezo wa Afrika. Kisha Julai 2023 jimbo la Victoria, Australia, likajitoa kuandaa ya 2026, likisema gharama zimepanda kutoka dola bilioni 2.6 za Australia hadi bilioni 6 au 7. Sikusikia mtu akihoji uwezo wa Australia.

Michezo ya 2030, itakayotimiza miaka mia tangu Hamilton, imepewa Ahmedabad, India. Abuja iliomba hiyo pia, ikaambiwa itasaidiwa kwa 2034.

Kwa nini ya Glasgow 2026 imekuwa ndogo?

Kwa sababu Glasgow ilikubali kuiokoa kwa masharti yake: michezo 10 tu na maeneo manne yaliyo karibu karibu. Raga, kriketi, mpira wa magongo na skwoshi vimekatwa. Riadha imebaki, lakini yote ni ya uwanjani, kwa hiyo hakuna marathoni. Kwa nchi tajiri hilo ni tukio moja kati ya mengi. Kwa Tanzania, ambayo nusu ya dhahabu zote nilizozitaja hapo juu ni za marathoni, ni kufungiwa mlango uliokuwa ukipitika.

Upande wa pili, mita 1500 zimeondolewa na maili imerudishwa, kwa mara ya kwanza tangu Kingston 1966. Mshindi wa mwisho wa mbio hizo kwenye michezo hii alikuwa Kipchoge Keino.